Jua la Ndani ya Nyumba

Watu wengi wanaotaka kufuga nyoka huanza na rangi. Wanamwona chatu mwenye mabaka ya dhahabu, au nyoka wa miti wa kijani kibichi aliyejiviringisha tawini, na moyo unakwenda huko huko. Ndipo wanauliza anakula nini, anang'ata au hang'ati, anakuwa mrefu kiasi gani. Swali la hali ya hewa huja mwisho, tena likija. Mimi ningependa litangulie mengine yote, na sababu yangu iko kwenye maumbile ya mnyama mwenyewe.

Nyoka hatengenezi joto la kumtosha. Mwili wako na wangu unachoma chakula usiku na mchana ili damu ibaki karibu na nyuzi 37, tuwe Moshi au Mombasa, iwe Juni au Januari, na sehemu kubwa ya ugali tunaokula huishia kwenye kazi hiyo. Nyoka hana gharama hiyo, ndiyo maana anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike. Joto analipata kwenye jua, mawe, udongo na hewa, na kila shughuli ya mwili wake inalisubiri: kusaga chakula, kupigana na maradhi, kujivua gamba, kutunga mayai. Chatu wa Burma akishameza windo, moyo wake huongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili ili uhimili kazi ya kulisaga. Kazi nzito namna hiyo haifanyiki penye baridi. Mpe chatu panya kisha umwache penye nyuzi 18, panya yule ataanza kuoza tumboni kabla hajasagwa. Nyoka atamtapika, na hali hiyo ikijirudia atakonda mpaka afe huku mfugaji akishangaa, maana chakula alimpa.

Joto ni dawa yake pia. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo sijaacha kulifikiria tangu nilisome. Waliwadunga bakteria mijusi wa jangwani, wakawaweka mahali penye upande wa moto na upande wa baridi. Mijusi wagonjwa walijisogeza penye joto zaidi kuliko walivyozoea wakiwa wazima. Homa, ambayo kwetu hutujia kitandani, wao waliifuata kwa miguu yao. Mtambaazi aliyefungiwa mahali pasipo na kona ya moto amenyimwa hata uwezo wa kuugua ipasavyo.

Kwa hiyo anayemweka nyoka kwenye tanki la kioo amechukua kazi ya jua. Porini mnyama huyu huamua mwenyewe: anatoka shimoni kujianika, anarudi kivulini, usiku anatafuta ardhi iliyobaki na joto la mchana. Ndani ya tanki hana pa kwenda ila pale alipopewa. Wafugaji wenye uzoefu hugawa tanki pande mbili, mmoja wa moto na mwingine wa ubaridi, na kila upande wakaweka maficho, kwa kuwa nyoka mwoga hukubali kukaa na baridi kuliko kutoka hadharani. Mkeka wa joto au taa huunganishwa na thamostati, yaani kidhibiti joto. Bila thamostati mambo huharibika upesi. Mawe ya umeme yaliyokuwa yakiuzwa sana zamani yameunguza matumbo ya nyoka wengi, kwa sababu nyoka hulala juu ya kitu cha moto na haondoki hata pale ngozi yake inapoanza kuungua.

Haya utayasikia kwa muuzaji yeyote mwenye dhamiri. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba nyumba ina hali ya hewa yake, na mara nyingi haifanani hata kidogo na ya nchi iliyomo.

Ninaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako usiku wa Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri bila mtu kuona ni ajabu. Ndugu zangu wa Tanga hudhani nyumba za huku zina ubaridi wa maji maji. Ukweli ni kinyume chake. Hewa yenye nyuzi 15 chini ya sifuri haibebi zaidi ya gramu moja na nusu hivi ya mvuke katika kila mita ya ujazo. Inapoingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, uwezo wake wa kubeba maji unafika gramu 18, ila maji yenyewe ni yale yale machache iliyokuja nayo. Chungu kinachochemka na watu wanaooga huongeza kidogo. Pamoja na hayo, kipima unyevu cha sebuleni kwangu katikati ya baridi hukaa kwenye asilimia 20 na kitu. Midomo inapasuka, mbao za sakafu zinaachana, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa na cheche. Ukitafuta Afrika Mashariki pa kulinganisha na sebule hiyo, iache Mombasa, nenda Lodwar, kule Turkana, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200.

Halafu inafika Julai. Madirisha yanafunguliwa, nje ni nyuzi 29, hewa ni nzito, na nyumba ile ile inakuwa ya pwani. Mwenye kiyoyozi ana hali ya hewa ya tatu. Na hata ndani ya siku moja, chumba cha chini ya ardhi ambako watu wengi huweka matanki yao kina nyuzi 16 wakati jikoni kuna 23. Anayesema "nyumba yangu ina joto" ametaja kipimo cha mahali thamostati ya ukutani ilipofungwa, basi.

Nyoka anayependwa kuliko wote huku Marekani, pengine pamoja na nyoka wa mahindi, ni chatu mpira, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja na kuficha kichwa katikati akiogopa. Makazi yake yanaanzia Senegali na kuja mashariki hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa miongo mingi wamekuwa wakisafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, na tangu mwaka 1992, kilipozaliwa kifungoni kizazi cha kwanza cha chatu mpira zeruzeru, wafugaji wamezalisha rangi zisizohesabika. Ni mpole, hakui kupita kiasi, na umri wake unatisha. Mwaka 2020 chatu mpira jike wa bustani ya wanyama ya Saint Louis alitaga mayai saba akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60.

Watu hufikiri kwamba kwa kuwa anatoka savana, ukame haumsumbui. Lakini mchana wa savana hayuko juu ya nyasi. Yuko ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, chini ya ardhi, ambako hewa ina unyevu hata majira ya kiangazi. Mlete kwenye sebule yenye asilimia 20 na atakuonyesha tofauti siku ya kujivua gamba. Badala ya gamba kutoka zima kuanzia puani mpaka mkiani, litatoka vipande vipande, na utando mkavu utabaki juu ya macho. Mfugaji anaanza kunyunyizia maji. Anafunika sehemu ya kifuniko kwa plastiki. Anaweka makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, ambayo huuzwa madukani huku yakiwa yamesagwa na kugandamizwa mithili ya matofali, na nikiyaona hukumbuka yanavyotupwa bure kwetu. Kama joto lipo la kutosha, juhudi hizo zinafaa. Kama halipo, zinaua. Unyevu ukikutana na ubaridi, mapafu ya nyoka hushikwa, anaanza kupumua kwa mluzi, mate mazito yanamtoka, anainua kichwa na kuachama ili apate hewa. Ukame unaweza kuurekebisha kesho. Mapafu yaliyooza hayarekebishiki kirahisi.

Siwalaumu wanaomfuga. Nawajua wanaomtunza vizuri mno. Ila katika nyumba ya Minnesota chatu mpira ni mgeni wa kupigania, kila siku ya majira ya baridi, dhidi ya mashine inayokausha hewa ili wenye nyumba wasigande. Mtu aijue vita hiyo kabla ya kulipa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa tayari kulipa. Ana umri wa sekondari, ana akiba ya kazi za likizo, na alikuwa amemwona chatu mpira wa rangi ya ndizi mbivu kwenye maonyesho ya watambaazi. Mama yake alinipigia simu. "Kaka, mwanao huyu anataka kuniletea nyoka ndani. Ukimwambia wewe atasikia." Dada yangu alikulia penye swila na vifutu. Kwetu nyoka akionekana uani, jirani wa kwanza huja na fimbo na wa pili na panga, na baada ya hapo ndipo watu huulizana alikuwa nyoka gani. Hofu ile si ya ujinga, ni ya watu waliozika wenzao. Nilimheshimu kwa hilo, nikamwambia nitazungumza na kijana lakini sitamkataza kabla sijamsikia.

"Shikamoo mjomba," alianza, na baada ya marahaba hakupumzika. Aliniambia kila kitu kuhusu rangi. Nikamuuliza chumba chake kina nyuzi ngapi saa kumi za alfajiri, Februari.

"Sijui, mjomba. Joto la kawaida."

Nikamwomba awashe tanki tupu. Lile tanki la kioo alikuwa keshapewa na rafiki yake. Alipaswa kuliweka pale pale anapotaka kumweka nyoka, na mkeka wa joto, na thamostati, na vipimajoto viwili, kimoja kila upande, na kipima unyevu, kisha aandike anachokiona asubuhi na usiku katika majira ya baridi. Alidhani ninamchelewesha ili achoke. Hakuchoka. Aligundua mambo ambayo hakuna kitabu kingemwambia, kwa kuwa ni ya chumba chake peke yake. Usiku, mama yake anapopunguza joto la nyumba kuokoa bili ya gesi, upande wa baridi wa tanki ulishuka hadi nyuzi 17. Mchana wa jua, ingawa nje kila kitu kimeganda, miale ilipita dirishani ikapiga kioo, na upande ule ule ukapanda kupita 38. Mnyama aliyefungiwa humo angepikwa wakati nje kuna theluji. Alilihamisha tanki hadi ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Unyevu haukuwahi kupita asilimia 28.

Tulipokaa na daftari lake, nyoka alijichagua mwenyewe. Aliyefaa kwa namba zile alikuwa boa wa mchangani wa Afrika Mashariki.

Huyu ni nyoka mfupi, mnene, asiye na sumu, mwenye mabaka ya kahawia juu ya rangi ya machungwa au manjano, kiasi kwamba asiyemjua huweza kumdhania kifutu na kumuua. Anapatikana kuanzia Misri, kupitia Sudan, Ethiopia na Somalia, hadi kaskazini mwa Kenya na kushuka Tanzania. Carl Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Maisha yake ni ya chini ya mchanga. Macho yake yako upande wa juu wa kichwa, hivyo anaweza kuzika mwili wote na kubakiza macho tu nje akimsubiri panya au mjusi apite. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Anahitaji upande wa moto wenye nyuzi 32 hadi 35, upande wa ubaridi wenye 25 hivi, na hewa kavu. Unyevu wa asilimia 30 unamtosha, mradi awe na bakuli la maji na pembe moja ya udongo yenye majimaji kidogo anapokaribia kujivua gamba. Mkeka uliowekwa chini ya tanki unampa joto kutoka ardhini, na ndivyo anavyolipata kwao, mwili wote ukiwa mchangani.

Kwa hiyo nyumba ya Minneapolis wakati wa baridi, ukiiongezea joto la mkeka, inamfaa mwenyeji wa Garissa kuliko inavyomfaa chatu wa Benin. Hili lilimgusa mpwa wangu kwa namna ambayo sikuitarajia. Yeye amezaliwa huku. Tanga ameijua kwa likizo na kwa simu za bibi yake. Kwamba kulikuwa na kiumbe cha Afrika Mashariki ambacho ukavu wa chumba chake, ule unaomtoa damu puani kila Januari, ni makazi yake halali, alilifurahia sana. Sikumwongezea maneno.

Nilimweleza pia upande mwingine. Boa hawa wanaouzwa Marekani sasa wengi mno wamezaliwa huku huku, kwa wafugaji, vizazi baada ya vizazi. Lakini walianza kwa kuchimbuliwa mchangani kwetu na kutiwa kwenye mifuko. Biashara ya wanyama hai imewatoa Afrika Mashariki vinyonga, kobe na nyoka wengi, na wengi walikufa njiani. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na mimi niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono. Aliyezaliwa kifungoni huwa keshazoea kula panya waliogandishwa na hana minyoo ya porini. Huyo tu ndiye ningekubali aingie nyumbani kwa dada yangu.

Kuna wanaojibu swali la hali ya hewa kwa njia rahisi zaidi: chagua nyoka anayeweza kuishi hapo ulipo hata bila wewe. Hoja hiyo ina mvuto. Nyoka wa mahindi, mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani kuanzia New Jersey hadi Florida, hutosheka na joto la kawaida la chumba na kona moja yenye nyuzi 30, na pengine hakuna nyoka anayesamehe makosa ya mfugaji kuliko yeye. Kaskazini zaidi wako wale wadogo wenye mistari wanaokaa bustanini, ambao wamezoea baridi kupita nyoka wote wa bara hili. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu yao hulala pamoja ndani ya nyufa za mawe ya chokaa, kwenye kina ambacho barafu haikifikii, huku juu kukiwa na nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei hutoka, na ardhi yote inatembea.

Lakini nyoka anayeweza kuishi bila wewe anaweza pia kuondoka. Na nyoka huondoka. Kifuniko kilichosahauliwa, tundu la waya, mtoto aliyetaka kumgusa. Wengine hutolewa nje kwa makusudi na wenyewe waliochoka kuwatunza. Kisiwani Gran Canaria, nyoka wafalme wa California waliotoka kwenye nyumba za wafugaji walikuta jua, miamba na baridi hafifu ya kwao hasa. Kati ya wanaokamatwa wamo wengi zeruzeru, rangi ya kiwandani kabisa, ushahidi kwamba babu zao walitoka kwenye matanki. Mahali walipoenea, mijusi wakubwa wa kisiwa kile, ambao hawapatikani kwa asili popote pengine duniani, wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Colwyn Bay, huko Wales, nyoka wa kusini mwa Ulaya waliotoroka bustani ya wanyama miaka ya 1970 wako mpaka leo, wakizaliana katika mji wenye manyunyu ambao hakuna aliyefikiri ungewafaa.

Florida ndiyo mfano unaoumiza zaidi. Chatu wa Burma waliachiliwa au walitoroka, na kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kilivunja jengo walimokuwa wakizalishwa. Kinamasi cha Everglades kilikuwa kana kwamba kimeandaliwa kwa ajili yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa rakuni, waliokuwa wakionekana kila mahali barabarani usiku, walikuwa wamepungua kwa asilimia 99. Wanasayansi walikuwa wamejaribu kujua chatu hao wangeweza kufika kaskazini kiasi gani, wakawapeleka 10 kwenye uzio huko Carolina Kusini. Baridi ya Januari 2010 iliwamaliza wote. Baridi ile ile ilipita Everglades na kuua wengi, lakini haikuua wote, na waliobaki ndio wazazi wa waliopo.

Kwa hiyo nimefika kwenye maoni ambayo najua yanasikika vibaya kwa mpenda wanyama, nami ni mmoja wao: chagua nyoka ambaye chumba chako kinamfaa na nje ya mlango wako hapamfai kabisa. Boa wa mchangani akitoroka Minneapolis mwezi wa Novemba hataumaliza usiku. Hilo ni jambo la kusikitisha, na ndilo linalomfunga mfugaji. Hawezi kujidanganya kwamba akichoka atamwachia aende zake. Ndege wa Minnesota hawatapata adui mpya kwa sababu ya uzembe wa nyumba moja, na kila kifuniko kitafungwa na mtu anayejua kilicho upande wa pili. Hesabu hii hubadilika ukihama. Mwenye kukaa Phoenix au Muscat, ambako jangwa liko barazani, afikiri upya kuhusu boa huyu huyu.

Kwetu je? Nimeulizwa na marafiki wa Nairobi na Dar es Salaam, ambako vijana wachache wameanza kupenda nyoka kwa dhati, jambo linalonipa moyo. Swali la hewa liko huko pia, ingawa watu hudhani Afrika ni joto moja. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na nyumba nyingi hazina kipasha joto chochote, hivyo chumba cha kulala Nairobi kinaweza kuwa na ubaridi kuliko changu Minneapolis katikati ya theluji. Nyoka aliyeokotwa Malindi na kupelekwa huko atakaa na tumbo lisilofanya kazi. Na boa wa mchangani akiletwa Mombasa au Dar, mahali ambapo vitabu huota ukungu kabatini, atasumbuliwa na unyevu ambao hakuna mashine ya bei nafuu ya kuuondoa. Juu ya hayo, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na ile ya Tanzania ya mwaka 2009 hazimruhusu mtu kuokota nyoka porini na kumfuga bila kibali.

Usukumani, chama cha Wayeye kimeshika nyoka kwa vizazi vingi, kwa ngoma na kwa tiba ya waliong'atwa, na hawakuhitaji vipimajoto, kwani nyoka wao walikuwa wa nchi ile ile, joto lile lile. Mtu wa kawaida hana ujuzi wao, asiwaige. Ila yuko nyoka mmoja ambaye ningependa kila mwenye nyumba Afrika Mashariki amfahamu: nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia, mwenye mistari myeupe inayopita kichwani kwenye macho, asiye na sumu. Huingia stoo na darini usiku akifuata panya na mijusi. Wazungu wanamnunua na kumwekea taa. Kwetu anakuja bila kuitwa, hali ya hewa ya nyumba zetu inamtosha kama ilivyo, na malipo yake ni fimbo. Anayetamani nyoka anayelingana na nyumba yake ya Morogoro au Kisumu pengine anaye tayari, nyuma ya magunia. Ajifunze kumtofautisha na wenye sumu, kwa picha na kwa kuuliza wajuzi, kwa sababu kukosea hapo ni hatari. Akishamjua kwa hakika, amwache.

Mpwa wangu naye amebakiwa na jambo la muda. Boa wa mchangani akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 15, na wapo waliopita 20. Kijana atamaliza shule. Chuo kinaweza kumpeleka Seattle kwenye manyunyu, au Houston ambako hewa ni nzito sawa na ya Dar, au kumbakisha hapa hapa. Atapanga vyumba ambavyo hatujaviona, vyenye madirisha upande tusioujua, na wenye nyumba wasiotaka kusikia neno nyoka. Tulikuwa tumechagua kwa ajili ya ukuta mmoja wa nyumba moja. Nilimwambia hivyo, na mama yake, aliyekuwa akisikiliza jikoni, akasema kwamba yeye hatabaki na nyoka wa mtu, hilo lieleweke mapema.

Kijana alikuwa anamtaka jike, kwa sababu jike ni mnene, hufika sentimita 80, na rangi zake hujitokeza. Amebadili mawazo. Atachukua dume, ambaye kwa kawaida hapiti nusu mita, ili tanki liwe dogo la kubebeka na liingie kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mfugaji tuliyempata yuko ng'ambo ya mto, St. Paul, na ana madume wachanga waliokwisha kuzoea kula. Tumemwomba atuwekee mmoja mpaka mwisho wa Aprili, baridi ikiisha barabarani.